Kiboko Aliyeogopa Mkia Kukauka

"Ina injini!"

"Haina!"

"Ina! Kitu gani kinapanda kilima bila injini? Hata pikipiki ya Baba Mdogo inapanda huku inalia, na injini inayo."

"Haina, Nakijwa. Nimeangalia mwenyewe. Ile treni haina moshi, haina dereva, haina chochote. Wewe macho yalikuwa kwenye simu, akili ilikuwa jikoni."

"Na wewe kichwa chako ni gunzi."

Hapo Mbazi akarusha gunzi la kweli, likampata kuku. Hao wawili ni wadogo zangu. Tulikuwa barazani tunapukuchua mahindi, na ugomvi wote ulikuwa juu ya video aliyowaonyesha Baba Mdogo kwenye simu yake: treni ndogo ya kiwanja cha michezo, imejaa watu, inavutwa pole pole hadi juu ya mlima wa vyuma, halafu inaachiwa. Inashuka, inapanda, inashuka, inapanda, na watu ndani wanalia na kucheka kwa pamoja.

"Nyamazeni," nikasema. "Anayetaka kujua aitikie. Nimebeba!"

"Tua!"

"Kizito!"

"Tukushike mkono!"

"Kina moto!"

"Tukipulize!"

Haya basi. Zamani, wakati wanyama walipokuwa wanalima kama sisi, palikuwa na ndiva huko juu milimani. Ndiva mnaijua: bwawa la kuchimba, maji ya chemchemi yanajikusanya, halafu watu wanagawana kwa zamu. Wanyama nao walichimba yao. Swala alichimba. Nungunungu alichimba. Bi Pimbi alichimba na mtoto mgongoni. Walipomaliza wakaweka sheria moja tu, maana wanyama hawapendi sheria nyingi. Sheria ilisema: mwenye zamu akitoka majini na mkia wake ukakauka, zamu yake imekwisha, anaingia mwingine.

Kikaja kiangazi. Mto wa bondeni ukakauka, na Kiboko akapanda milimani anahema, hee, hee, hee.

"Ndugu zangu," akasema, "nipeni zamu moja. Naonja tu."

Wakamhurumia, wakampa. Akaingia, chubwi! Akakaa.

Na akakaa.

Akaja Swala. "Bwana Kiboko, zamu yako bado?"

Kiboko akatoa pua moja nje. "Mkia umelowa. Bado zamu yangu."

Akaja Nungunungu. "Bwana Kiboko, zamu yako bado?"

Kiboko akatoa pua ya pili. "Mkia umelowa. Bado zamu yangu."

Anayejaribu kunywa pembeni, Kiboko anafungua mdomo, ule mdomo wake kama mlango wa ghala, na meno yote yanaonekana hadi ya nyuma. Nani atakunywa hapo? Wanyama wakawa wanalamba umande kwenye majani asubuhi, na jua likitoka umande unakwisha.

Akaja Bi Pimbi na mtoto wake wa mwisho, jina lake Kidogo. Kidogo ulimi ulikuwa umemganda juu ya kinywa. Mwanzoni alikuwa analia maji, maji, maji. Sasa alikuwa ameacha kuomba, na kule kuacha kuomba ndiko kulikomtisha mama yake.

"Bwana Kiboko, huyu mmoja tu. Alambe pembeni, tuondoke."

"Akilamba huyu leo, kesho atalamba na shangazi yake. Mkia umelowa, bado zamu yangu." Kiboko akamtazama Bi Pimbi kwa nyuma, akacheka hadi tope likachemka. "Tena wewe huna hata mkia! Sheria ya mkia inakuhusu nini?"

Fuuuh! Akampulizia tope usoni.

Bi Pimbi akajifuta. Alimbeba mtoto wake akaenda nyumbani pangoni, na njia nzima alikuwa akiutazama mlima.

Mlima wenyewe ulikuwa hivi. Mbele palikuwa na Kilima Mama, kirefu kuliko vyote. Baada yake Kilima Dada, kifupi kuliko Mama. Baada yake Kilima Mtoto, kifupi kuliko Dada. Halafu mchanga kidogo, halafu ndiva. Na kutoka juu ya Mama hadi kwenye mchanga ilipita njia moja ya udongo, laini kama sufuria, imelainishwa na makalio ya watoto wa pimbi tangu mabibi na mababu zao. Unachukua gome la mgomba, unalikalia, unajiachia. Srrrrr! unashuka Mama. Whuuu! unapita juu ya Dada. Srrrrr! unashuka tena. Whuuu! unapita juu ya Mtoto. Pu! mchangani. Waliuita mserereko.

"Bila injini," akasema Mbazi.

"Tulia, msimulizi ni mmoja."

Kesho yake Bi Pimbi akawatoa watoto wake wote wakaserereke. Srrrrr! Whuuu! Srrrrr! Whuuu! Pu! Wanafika karibu kabisa na pua ya Kiboko, wanakita visigino mchangani wasije wakamwingia mdomoni, wanacheka, wanapanda tena. Kidogo alikuwa mapajani mwa mama yake, anashikilia manyoya, hacheki.

Kiboko akatoa masikio majini. "Nyie mna kiu, mnacheza nini?"

"Hatuchezi, Bwana Kiboko. Tunaidanganya kiu."

"Kuna raha gani hapo?"

"Hakuna," akasema Bi Pimbi. "Tumbo linaruka, masikio yanapiga makofi, moyo unakuja hadi hapa kooni. Basi. Ni mambo ya watoto. Wewe kaa kwenye maji yako."

Mtu mwenye tamaa ukimwambia kaa kwenye chako, ndipo anapokitaka cha kwako. Kiboko akatazama mserereko, akautazama mkia wake, akawaza. Akawaza sana, kwa sababu hakuwa na mazoea.

"Nitatoka haraka," akajisemea kwa sauti kubwa. "Nitapanda kidogo, nitaserereka, nitatua majini kabla mkia haujajua kitu. Mserereko utakuwa wangu na ndiva itabaki yangu."

Akatoka, chururu chururu, maji yanamdondoka. Wakamfungia magome ya mgomba mengi pamoja, maana moja lingemtosha sikio tu. Akashika njia ya kando, ya mawe, akaanza kupanda Kilima Mama. Hee, hee, hee. Bi Pimbi nyuma yake, na wanyama wote nyuma ya Bi Pimbi.

Alipofika katikati ya mlima akasimama. "Naanzia hapa."

"Bwana Kiboko," akasema Bi Pimbi, "hapa ni chini. Panda hadi juu."

"Ili mkia ukauke? Sidanganyiki!"

"Bwana Kiboko, tazama mbele yako. Unaliona bwawa?"

"Silioni. Kile Kilima Dada kimeniziba."

"Kama kimekuziba macho, kitakuziba na safari. Maana yake wewe uko chini kuliko kilele chake. Panda hadi ulione bwawa kwa juu yake."

"Ili mkia ukauke? Sidanganyiki!"

"Bwana Kiboko, mserereko hauna miguu wala injini. Unachobeba ukipanda ndicho hichohicho utakachotumia njiani. Ukipanda kidogo umebeba kidogo."

"Mimi kidogo?" Kiboko akajipiga tumbo, bwa bwa bwa. "Vitoto vyako vyepesi kama makapi vinavuka, mimi mwenye uzito huu nitashindwa? Nitashuka kwa kishindo, nitakivunja hicho Kilima Dada kwa kifua!"

"Uzito unaokusukuma ukishuka ndio huohuo utakaokuvuta nyuma ukipanda, Bwana Kiboko. Haukuongezei kitu."

"Ili mkia ukauke! Sidanganyiki, Bi Pimbi, mimi nakujua wewe!"

Akayakalia magome. Akajiachia.

"Dada, ngoja," akasema Nakijwa. Alikuwa ameacha kupukuchua. "Anabeba nini akipanda? Hakubeba kitu."

Nikamwambia anyooshe mkono na aliinue gunzi juu ya kichwa chake. Akaliinua. Sasa liachie. Akaliachia, likamgonga Mbazi kwenye goti. Nikasema, umeona? Likiwa chini kwenye mkeka halimgongi mtu. Umelipandisha kwa nguvu za mkono wako, na zile nguvu hazikupotea, zimekaa ndani ya ule urefu zinasubiri. Shuleni, kabla sijaacha, tuliambiwa jina lake ni nishati. Huioni, haina harufu, lakini kila hatua unayopanda unaiongeza. Ukishuka inageuka kuwa mbio. Ukipanda kilima kingine zile mbio zinageuka tena kuwa urefu. Ni kitu kilekile, kinabadili nguo tu.

"Basi angefika urefu uleule alioanzia," akasema Mbazi akijisugua goti.

Hata urefu uleule hafiki. Sugueni viganja, haraka haraka. Vimepata moto? Huo moto ni nishati imemegwa. Gome likisuguana na udongo linamega. Upepo ukikupiga usoni unamega. Msuguano ni kama mtu anayeonja mboga jikoni: kijiko kimoja, kijiko kimoja, mezani inafika imepungua. Ndiyo maana Kilima Dada ni kifupi kuliko Mama, na Mtoto ni kifupi kuliko Dada. Na Kiboko alianzia chini kuliko Dada.

Turudi. Alijiachia.

Srrrrrrrrr! Udongo unalia, masikio yanapiga makofi, pa pa pa pa. "Naruka!" akapiga kelele Kiboko. "Mserereko ni wangu!" Akafika chini kama radi, akaanza kukipanda Kilima Dada. Whuuu. Whuu. Whu. Akapungua. Akapungua tena. Kilele akakiona kwa karibu, hata sisimizi wa pale juu akawaona.

Akasimama.

Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Mbona tumesimama?"

Halafu, kinyumenyume, srrrrrr! Akarudi chini matako mbele, akakipanda Kilima Mama kidogo, si hata pale alipoanzia. Akasimama. Srrrrr! mbele, akakipanda Dada kidogo zaidi ya kidogo. Srrrr! nyuma. Srrr! mbele. Srr! nyuma. Sr. Akawa kama bembea iliyoachwa na mtoto. Mwisho akatulia chini bondeni, kati ya Mama na Dada, tuli.

Akajaribu kutembea. Mguu wa mbele ukateleza, pyu! Mguu wa nyuma ukateleza, pyu! Ule udongo ulisuguliwa na makalio ya miaka yote hiyo, si wa kukanyaga. Kushoto jabali, kulia jabali. Na juu, jua.

"Nisukumeni!"

"Tumia uzito wako, Bwana Kiboko!" akasema Swala.

"Uzito umekwama na mimi!"

Nungunungu akashuka kwa kucha zake kwenye ukingo wa jabali, akauinamia mkia wa Kiboko. "Umelowa," akatangaza. Wanyama wakakaa, wakasubiri. Jua likapanda. Nungunungu akauinamia tena. "Una unyevu." Wakasubiri. Kiboko akawa anautemea mkia mate, lakini shingo ni fupi na mkia uko mbali, mate yakamwangukia begani. Nungunungu akauinamia, akaushika, akaunusa, akaupuliza, vumbi likatoka.

"Umekauka!"

Jamani, mbio zile! Hakuna aliyemngoja mwenzake. Bi Pimbi alifika ndivani akamweka Kidogo kifudifudi, mdomo majini. Kidogo akalamba, nya. Akalamba, nya nya. Halafu akainua uso unaodondoka maji akasema, "Mama, nataka tena." Bi Pimbi alikaa chini pale pale kwenye tope. Alikuwa amesahau ile sauti ilivyo.

"Lakini Dada," akasema Nakijwa, "mbona Bi Pimbi hakumdanganya? Alimwambia kweli tupu."

"Alijua Kiboko hatamwamini. Huo ndio uliokuwa ujanja wake wote."

"Ah," akasema Nakijwa, akamtazama Mbazi kwa namna ambayo sikuipenda.

Wanyama wakanywa, wakaoga, wakalala kivulini. Lakini Bi Pimbi hakulala. Kila upepo ukivuma kutoka bondeni alisikia, hee, hee, hee. Akakunja jani la mgomba, akachota maji, akapanda, akashuka kwa ukingo wa jabali.

Ngozi ya Kiboko ilikuwa imeanza kupasuka kama tope la kiangazi. Macho yalikuwa mekundu. Aliponyunyiziwa maji mgongoni akafumba macho kabisa.

"Kwa nini unaniletea?" akauliza.

"Unapiga kelele. Watoto wangu hawasinzii."

Kiboko akasema kwa sauti ndogo, huwezi kuamini imetoka kwenye mdomo ule: "Bi Pimbi, nilifika pale juu karibu kabisa. Nikaona sisimizi. Kidogo tu ningevuka."

"Nilikuona."

"Moyo ulikuja hadi kooni, kama ulivyosema."

"Ndivyo unavyokuja."

"Sikufika bwawani," akasema Kiboko, na chozi likamtoka, kubwa kama embe.

Bi Pimbi akaenda kuwaita wenzake. Walinung'unika. Swala alisema mwacheni akauke wote, si mkia tu. Lakini wakaja. Wakasokota kamba ya mizabibu ya porini, wakamfunga Kiboko kiunoni pale ambapo pangekuwa na kiuno, wakapanda juu ya Kilima Mama, wakavuta.

"Vuta!"

"Eeeh!"

"Shika!"

"Eeeh!"

Wakamvuta kutoka shimoni, pole pole, hatua kwa hatua, jasho linawatoka wote. Kila hatua aliyopanda Kiboko ilitoka mikononi mwao ikaingia kwake.

"Hiyo ndiyo injini!" akapiga kelele Nakijwa. "Nilisema! Ina injini!"

"Iko nje ya treni!" akapiga kelele Mbazi. "Nilisema! Treni yenyewe haina!"

Wote mmesema. Injini iko pembeni, inavuta mnyororo, treni ikifika juu inaachiwa iende na kile ilichobebeshwa. Acheni kurushiana mahindi.

Wakamfikisha juu kabisa ya Kilima Mama. Kiboko akasimama, akatazama mbele. Kilima Dada kilikuwa chini yake. Kilima Mtoto kilikuwa chini yake. Na huko mbali, dogo kama jicho la kuku, liking'aa:

"Naliona bwawa!"

"Basi nalo limekuona," akasema Bi Pimbi. "Sasa umebeba. Jiachie."

Srrrrrrrrrrrr! Akashuka Mama hadi mashavu yakamfika nyuma ya masikio. Whuuuu! Akakipanda Dada, akapungua, akapungua, wanyama wote wakashika midomo. Sisimizi wakampisha. Akavuka! Na pale kileleni mwili wake wote ulitaka kuendelea kwenda juu, njia ikageuka kwenda chini, tumbo likachelewa, na Kiboko, mnyama mzito kuliko wote pale, kwa kitambo kidogo akawa mwepesi kama unyoya. "Mamaaa!" Srrrrrr! Whuuu! Akavuka Mtoto. Kukita visigino hakujua. Akaupita mchanga, akapaa.

CHUBWIIIII!

Maji yalipanda juu kama nyumba, yakamwangukia kila mtu. Kidogo akacheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu kiangazi kianze.

Kisha maji yakatulia, na wanyama nao wakatulia, maana ndipo walipoona walichokifanya. Kiboko alikuwa ndani ya ndiva tena. Mkia umelowa.

Nungunungu akamgeukia Bi Pimbi. "Umeona? Umeona wewe na roho yako nzuri?"

Jua likazama. Kiboko alikuwa ametoa pua mbili nje, anaangalia mlima. Kila mtu akaenda kwake, na Bi Pimbi akalala amemkumbatia Kidogo.

Na funzo la hadithi, wadogo zangu, ni hili: msiseme kweli, mmeona jinsi ilivyomtia mtu mzima shimoni. Na msipande juu, kuna kuchoka. Kaeni katikati ya mlima, mtavutwa na majirani. Mzigo wangu nimeutua, kata ya kichwani ile pale, anayetaka abebe.

"Hilo si funzo!" akasema Mbazi.

"Ndilo nililobeba leo."

"Dada! Alitoka au hakutoka? Kidogo alikunywa tena au hakunywa?"

Lo, hapo nimeruka kipande. Asubuhi, jua halijakausha umande, mlango wa pango la Bi Pimbi ukazibwa na kitu kikubwa, giza likaingia ndani. Bi Pimbi akamficha Kidogo nyuma yake, akaenda mlangoni. Alikuwa Kiboko, mkia mkavu kabisa, magome ya mgomba kwapani.

"Hodi, Bi Pimbi. Maji nimewaachia wenzangu wanakunywa, mwambie na mtoto aende. Halafu toka twende mlimani, leo ni zamu yangu."